Jinsi ya kupaka upya rimu orijino za gari ya spoti ya zamani (na sehemu ambazo rangi haitakiwi kufika)

Wakuu, gari yangu ni MGB GT ya 1973 na rimu zake ni zile Rostyle za chuma za inchi 14, silva yenye weusi kwenye mabonde ya katikati, aina iliyoanza kufungwa kwenye MGB mwishoni mwa miaka ya 1960. Nimezipaka mara mbili. Mara ya kwanza nilizipaka vibaya na mara ya pili zikatoka vile nilivyotaka, kwa hiyo ukiona sehemu nang'ang'ana nayo sana ujue hapo ndipo nilipoungua.

Kupuliza rangi ni kazi ya siku moja tu na haina maajabu. Kinachokula muda ni matayarisho, na kinachotaka akili ni kujua wapi rangi haitakiwi kabisa. Rimu siyo mlango wa gari jamani, rimu inabeba gari zima na inashikwa na nati nne au tano tu, ukijaza rangi pasipotakiwa unaweza kupishana na tairi lako mwenyewe barabarani.

Kwanza jua rimu yako imetengenezwa na nini

Chukua sumaku. Ikishika ni chuma, hongera, una rimu inayosamehe makosa. Isiposhika ni alumini au magnesi, na hizi mbili usizichanganye. Kwangua kidogo sana kwa nyuma mpaka uone madini tupu halafu dondoshea siki nyeupe: magnesi inatoa mapovu, alumini inakaa kimya. Kama ni magnesi (Toyota 2000GT ya 1967 zilikuwa nazo, na Minilite nyingi za zamani pia) mimi ningekushauri usimame hapo hapo umpelekee mtu anayezijua, maana vumbi la magnesi linashika moto, na ukimwagia maji ndiyo unauchochea.

Za alumini unaweza kupaka mwenyewe ila kuna mtego. Baadhi zilitoka kiwandani na ngozi ngumu ya anodaizi (tabaka la oksidi linalooteshwa juu ya alumini kwa umeme na madawa), kama zile Fuchs zilizoanza na Porsche 911S mwaka 1966. Ile ngozi ukishaipitisha msasa hairudi tena kwa mkono, mpaka rimu irudi kwenye madawa kiwandani. Kwa rimu za namna hiyo gusa sehemu zilizopakwa rangi tu, zile zinazong'aa zenyewe ziache na makovu yake. Makovu ya miaka 50 hayana ubaya, mimi nayapenda kuliko rimu iliyopigwa polishi mpaka imepoteza kona zake.

Mengi ninayoeleza hapa ni ya chuma lakini karibu yote yanaenda kwa alumini pia, nitataja panapobadilika.

Toa tairi, usipake ukizungushia magazeti

Najua kuna njia ya mkato, unapunguza upepo, unachomeka karata za kuchezea pande zote kati ya tairi na rimu kama mbawa, halafu unapuliza. Inafanya kazi na kwa kurekebisha mkwaruzo mmoja ni nzuri kabisa. Ila kwa kupaka upya hapana, kwa sababu kutu inaanzia pale tairi linapokalia na usipoitoa itanyanyua rangi yako mpya ndani ya mwaka mmoja.

Gari ikae kwenye stendi, siyo kwenye jeki peke yake. Legeza nati kabla hujainua. Toa kile kisindano cha ndani ya valvu upepo wote uishe kabisa, halafu peleka kwa fundi tairi mwenye mashine. Ukiwa hapo soma ubavu wa tairi, tafuta zile namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta namba tatu badala ya nne hilo tairi ni la kabla ya 2000, na hata kama kashata (yale meno ya tairi) bado nene usilirudishe kwenye rimu mpya. Magari haya yanalala sana, matairi yanazeeka yakiwa yamesimama.

Kabla ya kuosha piga picha. Nyingi. Mbele, nyuma, ndani ya tundu la kofia ya katikati, mihuri na namba zilizogongwa kwenye chuma. Ukitoa ile kofia ya katikati au vile vyuma vya balansi utakuta kipande cha rangi ya kiwandani ambacho jua halijawahi kukiona. Hiyo ndiyo silva yako ya kweli. Mimi nilishangaa kuona yangu ilikuwa imefifia na kijivu kidogo, wala haikuwa ile silva ya kumeta kama ya simu mpya niliyokuwa nimenunua makopo matatu! Pima pia kwa rula weusi unaanzia wapi na kuishia wapi, andika, maana ukishakwangua kila kitu kumbukumbu yako itakudanganya.

Osha kabla ya kugusa msasa

Watu wengi wanaanza na msasa na ndiyo kosa. Rimu za zamani zimekunywa miaka ya grisi, vumbi la breki na hasa ile dawa ya kung'arisha matairi ambayo ina silikoni. Ukipiga msasa juu ya silikoni unaisukuma ndani ya chuma, halafu siku ya kupuliza rangi unaona inajitenga na kuacha vijishimo vya mviringo kama macho ya samaki, na hapo hakuna dawa isipokuwa kuanza upya.

Kwa hiyo: sabuni na maji ya moto, brashi ya plastiki, suuza, kausha. Halafu dawa ya kutoa grisi na vitambaa viwili, kimoja kimelowa kinapaka, kingine kikavu kinafuta kabla dawa haijakauka. Ikijikaukia yenyewe uchafu unabaki pale pale ulipokuwa. Badilisha vitambaa mpaka kimoja kitoke safi.

Tafuta ufa

Rimu ikiwa safi ichunguze kwenye mwanga wa pembeni, tochi uilaze karibu na chuma. Angalia kuzunguka matundu ya nati, kwenye mizizi ya spoki, na kwa rimu za chuma kwenye ile welding inayounganisha sahani ya katikati na duara la nje. Mstari mwembamba wa kutu unaorudi kila ukiufuta unakuambia kitu. Ukitilia shaka kuna rangi nyekundu ya kupenya nyufa, unapaka, unafuta, unapuliza unga mweupe, ufa unajichora wenyewe.

Yenye ufa usipake. Usiichomelee pia. Itundike ukutani iwe pambo.

Kutoa rangi ya zamani

Kwa chuma kupiga mchanga ndiyo rahisi zaidi, unapata chuma kijivu kilichokwaruzika vizuri ndani ya nusu saa. Muombe mpigaji aende taratibu kwenye mihuri na namba. Kwa alumini mchanga mkali unakula sana, bora rimuva (dawa ya kubandua rangi) ya kupaka, au kupiga kwa shanga za kioo na maji.

Ukitumia rimuva: glavu nene, miwani, upepo wa kutosha. Paka nene, funika na nailoni isikauke, ngoja mpaka rangi ivimbe na kukunjamana, kwangua kwa kitu cha plastiki. Kumbuka pia rangi za enzi hizo zinaweza kuwa na risasi, kwa hiyo usipige msasa mkavu ukavuta lile vumbi, tumia maji, na nguo za kazi usizifue pamoja na za watoto.

Halafu kutu. Brashi ya waya, msasa namba 80 kwenye mbaya zaidi, na vile vishimo vyeusi visivyofikika vipakwe dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, vitageuka vyeusi au kijivu, kisha osha na kausha kama kopo linavyosema. Zingatia zaidi ule mfereji mdomo wa tairi unapokaa. Ukiacha magamba ya kutu pale tairi litapoteza upepo polepole na utamlaumu fundi wa watu bure.

Puti nitumie? Kwenye uso wa mbele vishimo vidogo sawa, nyembamba, baada ya praima ya epoksi. Kwenye mdomo wa rimu hapana, huko chuma kinapata misukosuko na puti itapasuka.

Maliza na msasa 180 kisha 240. Usiende laini zaidi, praima inahitaji mahali pa kushika.

Ziba yasiyotakiwa rangi (hapa tafadhali soma taratibu)

Mara ya kwanza nilipuliza kila mahali, mbele, nyuma, ndani ya matundu, praima tabaka mbili, rangi tatu, klia (ile ya juu isiyo na rangi) mbili. Nilijiona mjanja, nimefunika chuma chote, kutu itaingilia wapi? Nikafunga, nikakaza vizuri kabisa, nikaondoka. Baada ya kama kilomita 60 nikaanza kusikia kwap... kwap... kwap nyuma kushoto, nikajua jiwe limenasa kwenye kashata. Nikasimama, nikashika nati kwa vidole, ikazunguka. Kwa vidole! Nati mbili kati ya nne.

Kilichotokea ni kwamba nati hailikazii chuma tena, inaikazia rangi. Rangi ni laini, gari likitembea inapondeka na kutoka kama unga, nafasi inabaki, na ule mkazo unaoshikilia rimu unapotea. Huhitaji nafasi kubwa, unene wa karatasi mbili tatu unatosha.

Sehemu za kuacha tupu, au zenye ukungu mwepesi tu wa praima, ni tatu. Ya kwanza ni vikalio vya nati, yaani ile sehemu yenye umbo la koni nati inapokaa: chomeka nati za zamani au vipande vya sponji vilivyokatwa kidogo kuzidi tundu. Ya pili ni uso wa nyuma unaolalia habu (kile kitovu cha gari rimu inapofungwa), huo ufunike wote na tepu. Ya tatu ni tundu la katikati, kwa sababu kwenye magari mengi rimu inakaa kwa kubana pale, ukiongeza rangi haiingii au inaingia upande. Kutu haitakula pale? Ukifunga, pakaa grisi ya shaba kidogo sana kwenye tundu la katikati tu, ila vikalio vya nati na uso unaolala viwe vikavu na safi.

Na hii ndiyo sababu sipendi sana rangi ya unga ya kuoka kwa rimu hizi. Ni ngumu, ni nzuri, lakini ni nene, na asiyejua anakupakia mpaka kwenye matundu. Kwa alumini kuna jingine: inaokwa karibu nyuzi 200, na alumini ya rimu ugumu wake umetokana na kupikwa kiwandani kwa joto lililopimwa, ukiipika tena na tena kwa muda mrefu unaulegeza.

Praima

Futa na dawa ya grisi mara ya mwisho, kuanzia hapo usishike rimu bila glavu, jasho la kidole linaonekana chini ya silva kama muhuri. Epoksi kwa chuma na kwa alumini ni salama. Kwa alumini wengine wanatumia praima ya asidi, nayo nzuri, ila usiweke puti juu yake moja kwa moja. Alumini ukishaipiga msasa ipake siku hiyo hiyo, ikiwezekana ndani ya saa chache, maana inajivika oksidi hata ukiwa umekaa unaiangalia.

Itundike rimu au iweke juu ya ndoo ili uizunguke. Anza nyuma, halafu ubavu wa ndani wa kila spoki, uso wa mbele uwe wa mwisho. Ukianza na uso, ukifika pembeni vumbi la rangi litarudi kuukwaruza uso wako mzuri. Tabaka mbili nyembamba. Ikikauka sawasawa pitisha msasa 400 na maji, kisha 600, kwa mkono tu, na usiwe mkali kwenye kona kwa sababu kona ndiyo inatoboka kwanza.

Silva

Kwa rimu nne nilitumia makopo mawili na nusu ya praima, matatu ya silva, mawili ya klia na moja la nyeusi, yale ya mililita 400. Nunua moja la ziada la silva, na yote yawe ya toleo moja.

Tikisa kopo dakika mbili nzima, hesabu, usikisie. Kama kuna baridi liweke kwenye maji ya vuguvugu (vuguvugu, siyo ya moto, kopo lina presha). Umbali sentimita 20 hadi 25, anza kubonyeza ukiwa nje ya rimu na achia ukiwa nje ya rimu. Tabaka la kwanza liwe kama vumbi, uone praima bado inachungulia, vumilia. Dakika 10 hadi 15, la pili, la tatu. Silva ikiwa nyevu sana chembechembe zake zinaogelea na kukusanyika unapata mabaka kama mawingu. La mwisho rudi nyuma kidogo, sentimita 30, ukungu mwepesi, linasawazisha kila kitu.

Siku ya unyevunyevu acha, rangi inapata ukungu mweupe. Na soma kopo linasema urudie ndani ya muda gani, kuna rangi ukirudia saa tano baadaye zinajikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka.

Klia halafu nyeusi, siyo nyeusi halafu klia

Hapa watu wanabishana ila mimi msimamo wangu ndio huo. Weusi wa Rostyle ni ule uliotulia, haung'ai. Ukipaka silva, ukapaka nyeusi, ukamalizia na klia juu ya vyote, weusi wote unang'aa kama kiatu cha askari na rimu inaonekana ya bandia. Weka klia kwenye silva kwanza, iache ikauke vizuri (mimi niliiacha siku tatu), kwaruza kidogo sana na skochibraiti ya kijivu pale tu patakapoenda nyeusi, ndipo uzibe na tepu.

Klia ya kuchanganya na hadena (dawa ya kuigandisha) ndiyo inayostahimili petroli na vumbi la breki, lakini ina isosianeti, kemikali inayodhuru mapafu, na barakoa ya kawaida haikusaidii chochote, hata ile yenye machujio siyo ya kuiamini kwa kazi kubwa. Wanaopuliza kila siku wanavaa barakoa ya kuletewa hewa kwa bomba kutoka nje. Huna hiyo? Mpe mwenye chumba cha rangi akupulizie klia tu, mengine fanya mwenyewe, au tumia klia ya kawaida ukubali itadumu kidogo.

Sasa tepu. Tepu ya karatasi peke yake haipindi vizuri na rangi inapenya chini yake. Tumia ile nyembamba ya plastiki ya milimita 3 kuchora mstari wenyewe, inafuata mzunguko bila kukunjika, halafu karatasi na tepu pana nyuma yake. Ukimaliza ikandamize ukingo kwa ukucha, duara lote, tundu kwa tundu. Inachosha. Rimu moja ilinichukua dakika 50 na mgongo ulinikumbusha umri wangu.

Nyeusi tabaka mbili nyepesi. Halafu usiende kulala! Mara ya kwanza niliacha tepu mpaka asubuhi, nikaivuta, ikaja na kingo za rangi kama ganda la kitunguu, mstari ukawa na meno. Toa tepu wakati rangi nyeusi haishiki tena kidole lakini bado ni laini, kama dakika 20 hadi 30 hivi, vuta polepole ukiikunja irudi juu yake yenyewe, ielekee mbali na rangi mpya.

Kurudisha

Ngoja wiki. Ukibonyeza ukucha mahali pa siri ukaacha alama, ngoja tena. Weka valvu mpya. Fundi tairi mwambie mapema rimu ni mpya, apake sabuni nyingi, aweke vile vikinga vya plastiki kwenye chuma cha mashine, na balansi atumie vyuma vya kubandika kwa ndani badala ya vile vya kugonga ukingoni, ilimradi visiguse breki. Simama pale pale uangalie, usiende kunywa chai.

Nati kaza kwanza kwa mkono, kisha kwa kuruka, ya juu halafu ya chini, siyo kwa kuzunguka, na umalizie kwa spana yenye kipimo kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Usitumie ile bunduki ya upepo, inakwangua kikalio ulichokilinda wiki mbili. Tembea kilomita 50 hadi 80, simama, acha rimu zipoe, pima tena kwa kipimo kile kile. Mara ya pili zangu hazikusogea hata robo mzunguko, nikarudia kwenye kilomita 200 zikakaa vile vile. Mwezi wa kwanza osha kwa maji na sabuni laini tu, zile dawa za kuoshea rimu zenye asidi ziache dukani.